Nilimpeleka mama Ber-gi-dala, mwongozaji akageuka mwanafunzi

Baba Gredi ya Nne (mwenye uzi)

Wadau, uzi ni mrefu. Wekeni chai jikoni kwanza.

Chanzo cha yote ni kazi ya shule. Binti yangu yuko gredi ya nne, na wazazi wenzangu mnaujua huu mtaala: leo katoni, kesho gundi, keshokutwa vijiti vya mishikaki saa tatu usiku wakati duka limefungwa. Safari hii waliambiwa watengeneze boma la kitamaduni la jamii yao. Akaniuliza, "Baba, boma la Kijaluo lina nyumba ngapi?" Nikamwambia nyingi. Akasema mwalimu hataki nyingi, anataka kila nyumba ikae mahali pake na mtoto aeleze kwa nini.

Hapo nikanyamaza. Mimi asili yangu Seme, huku Kisumu, lakini nimekulia Nakuru, kwenye nyumba za reli, baba akiwa kazini huko. Dala, yaani boma la kwetu kijijini, nilikuwa naijua ya Desemba tu: unashuka, unasalimia, unakula, unapanda basi. Nani yuko upande gani na kwa nini, sikuwahi kuuliza.

Bahati mama alikuwa mjini kwa ajili ya miadi ya macho. Jumamosi nikasema twendeni sote makumbusho ya Kisumu, pale barabara ya Nairobi, watoto waone boma lenyewe. Mama akaniangalia kama mtu aliyepoteza mkoba. "Nilipe pesa nione nyumba ya udongo? Mimi nimezaliwa ndani yake."

Tukapanda tuktuk, watano, mimi nimekaa na dereva.

Watoto walikimbilia nyoka kwanza, halafu mamba, halafu kobe. Kwa nyoka mama aligoma kabisa kuingia. Alikaa nje kwenye kivuli, akasema nyoka halipiwi, nyoka anapigwa. Kwa samaki ndiyo alichangamka. Kuna matangi ya samaki wa ziwa letu, akawa anapita anataja majina kama anaita watu kwenye orodha ya harusi. Akawaambia wajukuu kwamba yeye akiwa msichana mbuta, yaani sangara, hakuwa anajulikana kwao, walikula ningu, fulu na ngege. Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950, na alipoongezeka ndiye aliyewamaliza hao fulu. Kitinda mimba wangu akauliza, "Kwa hivyo dani (ndivyo tunavyomwita bibi), wewe ni mzee kuliko samaki?" Akajibiwa ndiyo.

Sasa Ber-gi-dala. Kwa wasioijua: ni boma zima la Kijaluo limejengwa uwanjani hapo kwa msaada wa UNESCO, kwa ukubwa wake wa kweli. Ukilitafsiri jina kwa haraka ni kama uzuri wa nyumbani. Ni la mwanamume wa kufikirika mwenye wake watatu na mwanawe wa kwanza. Kuna nyumba za wake, kuna simba, yaani nyumba anayojengewa kijana akikua, kuna ghala, kuna zizi.

Tulipofika langoni mama akasimama. Sisi tukaingia, yeye hakuingia. Alikuwa ameinua uso anaangalia kilele cha paa. Mwongozaji, kijana mpole sana, akarudi kumuuliza kama amechoka. Mama akasema, "Hapana. Nataka kujua kwanza, mwenye boma yuko hai?"

Kijana akacheka. "Dani, huyu hajawahi kuwa hai. Ni wa kufikirika."

"Basi hata kufa hawezi," mama akasema, ndipo akaingia.

Nilidhani ni mzaha. Kumbe alikuwa anatafuta osuri, kile kijiti kinachochomoza juu kabisa ya paa. Akawakalisha watoto chini, akawaeleza kwamba kijiti kile kikisimama, mwenye mji, yaani mwenye boma, yupo. Akifa, mtu anapanda anakivunja, na yeyote anayepita njiani anajua bila kuambiwa. Akasema babu yangu alipofariki, yeye ndiye aliyekuwa ameshika ngazi, mimi nikiwa mgongoni. Alikisikia kikivunjika. "Kama kuni ya kawaida tu," akasema.

Nina miaka 41 na hiyo hadithi sikuwahi kuisikia.

Kuanzia hapo yule kijana hakuongoza tena. Alikuwa anauliza, na mara moja alitoa simu akaomba kurekodi. Mama akaeleza jinsi mtu anavyotoka kwa baba yake kwenda kuanzisha mji wake mwenyewe, yaani goyo ligala. Wanaondoka alfajiri. Baba na jogoo, mwana wa kwanza na shoka, mke na moto. Nyumba ya kwanza lazima isimame siku hiyohiyo. Binti yangu akauliza jogoo ni wa kuliwa? Mama akasema jogoo ni wa kuwika, kwamba hapa kuna watu.

Kwenye jiwe la kusagia, pong, alipiga magoti. Magoti yenyewe si mazima, nilitaka kumshika, akanikatalia kwa mkono. Akaweka viganja ndani ya lile bonde la jiwe akakaa hivyo kidogo. Halafu akamwambia binti yangu ajaribu kusukuma jiwe la juu, mbele, nyuma, uzito utoke mgongoni na si mikononi. Mtoto alisukuma mara sita akasema amechoka. "Mimi nilikuwa nachoka nikifika nusu ya kikapu, na bado uji haujapikwa."

Tumekaa pale saa mbili na nusu. Nilikuwa nimepanga dakika arobaini halafu tukale samaki ufukweni Dunga.

Sasa swali langu, na ndiyo sababu ya uzi. Mtoto alichora ramani yake palepale, akatengeneza boma la katoni, paa la majani makavu, zuri kabisa. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, katikati, ikitazama lango. Nyumba ya nyachira, mke wa pili, akaiweka kulia. Reru, wa tatu, kushoto. Jumatatu karudi na alama nyekundu: nyachira akae kushoto.

Wajaluo wa humu, ni kulia au kushoto?

---

Nyakwar Alego

Mwalimu ni sawa. Ukiingia langoni, nyachira yuko mkono wako wa kushoto. Kwetu ndivyo ilivyo hadi leo.

---

Achiel wa Nyando

Kulia. Tangu lini nyachira akakaa kushoto? Huko Alego mnakunywa maji gani?

---

Nyakwar Alego

Yaleyale mnayokunywa, mafuriko yakiyaleta.

---

Kijana wa Kondele

Mimi niulize tu bila ubaya. Kuna haja gani ya kulipa kiingilio kuona nyumba ya nyasi? Si upande matatu uende kwa shosho wako uone bure?

---

Baba Gredi ya Nne

@Kijana wa Kondele, uende uone nini? Kwa mama kuna mabati, kuna tangi la maji, kuna jiko la gesi na runinga kubwa kuliko yangu. Simba niliyolala mimi nikiwa kijana ilianguka mvua ya El Niño 1997. Nyumba ya mwisho ya nyasi ninayoikumbuka kijijini sasa ni banda la kuku.

---

Mama Wawili Milimani

Na hata ikiwepo, kwa shosho hakuna anayekueleza. Wewe ukifika unaulizwa umeleta sukari? Ukikaa unaambiwa njoo ule. Mimi nafikiri mama yako alieleza kwa sababu ile nyumba haikuwa yake. Ya mtu mwingine unaweza kuinyoshea kidole.

Halafu mimi ni Mluhya nimeolewa huku, yale mambo ya simba yalinipa shida mwaka wa kwanza. Kijana wangu akifika umri fulani kila shemeji anauliza "huyu analala wapi?" Analala chumbani kwake jamani, tuko ghorofa ya tatu!

---

Wakili wa Mtaani

Mama Wawili, hapo umegusa kitu. Kuna *ot* na kuna *dala*. Nyumba ya kupanga, hata ya kununua, hata iwe na vyumba kumi, ni ot. Dala ni mji uliofunguliwa kwa taratibu hizo alizosimulia mama yake mwenye uzi: jogoo, shoka, moto.

Wenye umri wangu tunakumbuka hili lilivyofika hadi mahakamani. Wakili S.M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake Wambui, Mkikuyu, alitaka azikwe kwenye shamba lao nje ya Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao. Wakabishana mahakamani miezi, swali likawa hilohilo: pale alipojenga mjini palikuwa kwake, au palikuwa pa kulala tu? Mwili ulikaa mochari hadi Mei 1987, ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Baba yangu alikuwa akinunua gazeti kila siku, analisoma kwa sauti, na jirani yetu Mkikuyu anajibu kutoka upande wa pili wa ua. Hawakugombana, lakini chai hawakunywa pamoja hadi kesi iishe.

Kwa hivyo ile katoni ya mtoto si mchezo. Watu wameajiriana mawakili kwa ajili yake.

---

Kijana wa Kondele

Sawa, nimewaelewa. Lakini kile kijiti cha juu ya paa kimenikalia vibaya. Babu yangu amefariki 2016, sikumbuki mtu akipanda paa.

---

Achiel wa Nyando

Uliwahi kuangalia juu?

---

Kijana wa Kondele

Hapana.

---

Pimbi wa Lanet

Nawasalimu kutoka Nakuru. Mwenye uzi umesema umekulia huku, je, uliwahi kupanda Hyrax Hill, kile kilima cha mambo ya kale? Naona watu wengi wa Nakuru wanapita pale kwenye barabara kuu miaka ishirini bila kukata kona. Pimbi, kwa Kiingereza hyrax, wamejaa ndiyo maana kilima kikaitwa hivyo, nami nikajiita hivi.

Pale hakuna nyumba iliyosimama. Kuna mashimo. Watu wanayaita ya Wasirikwa, wafugaji wa kale, ni mabonde ya duara ardhini, na ng'ombe walikuwa wanalazwa humo, nyumba zikiwa zimeshikana nayo kando. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba 1937 na 1938, akapata makaburi na vyombo vya watu wa zamani zaidi ya hao. Na ziwa Nakuru mnaloliona chini, zamani sana maji yake yalikuwa yanafika mguuni pa kilima.

Lakini kilichowashika watoto wangu si makaburi. Ni bao. Kuna mashimo ya bao yamechongwa kwenye mwamba wenyewe! Safu mbili, tayari kuchezwa. Mwanangu akaokota kokoto akaanza kucheza na dadake juu ya jiwe ambalo mtu aliyelichonga hatujui hata alizungumza lugha gani. Nikawaacha. Mlinzi alipita akatuangalia, akamwambia mwanangu "hapo umekula vibaya, rudia."

---

Baba Gredi ya Nne

@Pimbi wa Lanet nimepita hapo maisha yangu yote ya utotoni. Tulikuwa tunaliona bango kutoka dirisha la matatu. Sijawahi kukata kona, nakiri.

Na bao, mama analiita ajua. Alisema baba yake alicheza na mtu mmoja kila jioni kwa miaka na hawakuwahi kusema nani anaongoza.

---

Mkulima wa Trans Nzoia

Msisahau Kitale jamani. Makumbusho ya Kitale ndiyo ya kwanza ya bara, nje ya Nairobi na pwani. Yalianzishwa na mkoloni mmoja, Kanali Stoneham, 1926, alikuwa anakusanya wadudu, vitabu, kila kitu. Alipofariki aliviachia serikali, na jengo la sasa likafunguliwa 1974. Nyuma kuna msitu wa asili wenye njia ya kutembea, na kuna nyumba za jamii mbalimbali za huku kwetu. Niliwapeleka wajukuu. Wao walitaka kuona nyani. Nyumba waliziangalia kama mtu anayeangalia choo cha jirani.

Na ukifika Kitale, ongeza mwendo hadi Kapenguria. Gereza walimofungwa wale sita wa kesi ya Mau Mau, Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko, sasa ni makumbusho. Vyumba ni vidogo. Mimi nilisimama ndani ya kimoja nikanyoosha mikono, nikatoka.

---

Nyar Migori

Nyote mmezunguka na mmeiacha baba lao. Thimlich Ohinga! Iko kwetu Migori na imeingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO 2018. Kuta za mawe matupu, bila udongo, bila simiti, jiwe juu ya jiwe, na zimesimama tangu karne ya 16 hivi. Kimo chake ni kati ya mita 1.5 na 4.5. Zimejengwa kwa tabaka la nje, la ndani na la kati linaloshikanisha, ndiyo maana haziporomoki.

Lango lake ni fupi, mtu mzima huingia ameinama. Mume wangu, mtu wa futi sita na kiburi, aliinama. Alipotokea upande wa pili nikamwambia hapo ndipo ungepigwa rungu. Ndiyo kazi ya lango lile.

Onyo: barabara ni ya vumbi, beba maji, na usiende na kiatu cha kisigino kama wifi yangu.

---

Mama Wawili Milimani

Wifi yako tunamuombea. Lakini jamani, kulia au kushoto? Mwalimu anasubiri.

---

Nyakwar Alego

Kushoto. Nimesimama langoni kwetu SASA HIVI, nimepiga picha. Nyachira kushoto.

---

Achiel wa Nyando

Mimi nimempigia baba. Amesema kulia na amekasirika kwamba nimeuliza.

---

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha miaka 34 na nimesahihisha maboma mengi ya katoni, mengine yananuka samadi halisi. Mmekaa siku mbili mnabishana na hakuna aliyeuliza: kulia kwa nani? Kulia kwa anayeingia ni kushoto kwa anayetoka. Mwenye uzi, muulize mama yako amesimama wapi.

---

Nyakwar Alego

...

---

Achiel wa Nyando

Ala.

---

Baba Gredi ya Nne

Mwalimu Mstaafu, shikamoo. Nimempigia mama jana jioni, amerudi Seme. Akanitumia sauti ya dakika nne, dakika mbili za kwanza ni kuhusu ng'ombe aliyeingia shamba la mtu. Naandika ile sehemu ya maana kama alivyosema, nimetoa tu kwenye Kijaluo:

"Mwanangu, langoni husimama mgeni. Mgeni hapangi mji wa mtu. Simama mlangoni pa mikayi, mgongo ndani, uso langoni, kwa sababu yeye ndiye aliyekuja na moto. Nyoosha mkono wa kulia, hapo ndipo pa nyachira. Wa kushoto, hapo pa reru. Hivyo ndivyo tulivyokuta kwetu Seme, wengine waulize kwao. Na mwambie huyo mwalimu kwamba mtoto alichora akiwa amesimama na mimi."

Ndipo nikakumbuka. Pale makumbusho, mama alikuwa amemshika mtoto mabega, amemsimamisha mlangoni pa nyumba kubwa, wote wawili wametazama nje. Mimi nilikuwa langoni nawapiga picha. Nimeirudia kuiangalia: kwenye picha yangu nyachira yuko kushoto.

---

Nyakwar Alego

Kwa hivyo nilikuwa sawa.

---

Achiel wa Nyando

Na mimi nilikuwa sawa.

---

Mama Wawili Milimani

Mwalimu wa shule naye sawa. Mbona mtoto peke yake ndiye amekosa alama?

---

Baba Gredi ya Nne

Taarifa ya mwisho ya kazi ya shule. Binti yangu hakubadilisha nyumba hata moja. Alichukua kijiti cha mshikaki, akakata sanamu ya mtu kwenye katoni ya unga, akaibandika mlangoni pa mikayi, uso langoni, na kibandiko kidogo: SIMAMA HAPA. Juu ya paa kubwa akachomeka kijiti kingine. Nikamuuliza hicho ni cha nini, akaniangalia vilevile dani wake alivyoniangalia siku ile ya kiingilio.

"Baba. Mwenye boma yuko hai."

Mwalimu amesahihisha upya. Yeye pia, nasikia, alipeleka boma lile ofisini na walimu wengine wakaanza kubishana.

---

Nyar Migori

Mlete huyo mtoto Thimlich.

---

Baba Gredi ya Nne

Tunakuja likizo ya Agosti. Mama ameuliza kama lango ni fupi kweli, na kama kuna kiti cha kukaa nje wakati sisi tunainama.

---

Nyar Migori

Kiti nitabeba. Uji pia.

---

Kijana wa Kondele

Niko kijijini wikendi hii. Nimeangalia juu. Kijiti hakipo.